Alwyn Trevaskis, Aliyetuonyesha Nyuso Baada ya Goli

Mchungaji wetu Ilse Brandt, wazee wa kanisa, ndugu wa ukoo wa Trevaskis na wa ukoo wa Kuchel, wenzake wa kazini mliosafiri saa nne kutoka Melbourne, na ninyi mliosimama nje kwenye baridi kwa kuwa kanisa letu la Kurrabin ni dogo, familia inawasalimu kwa jina la Bwana aliye hai, na imemwomba Lorna, dada pekee wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, kama yalivyoandikwa juzi kwenye meza ya jikoni, watu wanne wakikumbushana na mmoja akiandika. Yatasomwa polepole, kwa sababu msomaji si mzoefu wa kusimama mbele za watu, na marehemu naye hana tena haraka.

Alwyn John Trevaskis alizaliwa Jumatano tarehe 14 Juni 1961 katika hospitali ya Horsham, jimbo la Victoria, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Hedley Trevaskis, mkulima wa ngano na mhubiri wa kanisa hili, na wa mama Ivy, aliyetangulia kwa Bwana tarehe 2 Machi 2009. Alibatizwa hapa hapa Jumapili tarehe 6 Agosti mwaka huohuo, na mama alikuwa akisema kwamba maji yalipomwagwa hakulia, alimkazia macho mchungaji mpaka mchungaji akapoteza mstari aliokuwa akiusoma, maana alikuwa mtoto wa kutazama kuliko wa kulia.

Alisoma shule ya msingi hapa Kurrabin kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari ya Horsham kuanzia 1974 hadi 1978, akawa mwanafunzi wa kati, hesabu zikimshinda na kuchora kukimweka juu kidogo. Mwaka alioanza shule ndio mwaka ambao baba yake alianza kuvaa koti jeupe la mwamuzi wa goli katika uwanja wetu wa mpira wa Kiaustralia, na kila Jumamosi ya majira ya baridi Mzee Hedley alisimama kati ya zile nguzo ndefu mbili na bendera zake mbili nyeupe za kupunga goli likiingia, mama Ivy akimimina chai kwenye jiko la klabu, magari sitini yakiwa yamepangwa kuzunguka fensi, na goli likiingia, honi zote zikilia kwa pamoja hadi kondoo wa upande wa pili wa barabara wakimbie. Alwyn mwenyewe alicheza timu ya watoto misimu miwili, na familia inasema kwa upendo kwamba mpira ulimpita kama haumjui.

Baada ya shule alilima na baba yake miaka miwili, na mnamo tarehe 12 Januari 1981, akiwa na miaka kumi na tisa, aliondoka kwenda Ballarat kuvuta nyaya katika kituo cha televisheni cha mkoa. Mzee Hedley alimsindikiza hadi stendi ya basi na kumvalisha koti lake mwenyewe la mvua, na tunalitaja jambo hili ili ijulikane kwamba siku ile hapakuwa na ugomvi. Mwaka 1984 alipewa kamera, mwaka 1986 akahamia Melbourne, na kwa miaka kumi na sita alipiga picha za habari, za bunge, za mbio za farasi na za mpira wetu. Ilipofika Machi 2002 aliingia katika kikosi cha televisheni ya kulipia, na hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyomtenga na baba yake kwa karibu miaka ishirini, kama itakavyosomwa mbele, kwa sababu Mzee Hedley, aliyeketi hapa mstari wa kwanza, ametaka isomwe yote bila kupunguzwa.

Lakini kwanza ndoa. Jumamosi tarehe 9 Novemba 1985, katika kanisa la Kilutheri la Dimboola, Alwyn alifunga ndoa na Roslyn Kuchel, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikutana naye akiwa anapiga picha za mafuriko, mwalimu huyo akiwa anavusha watoto wa darasa la pili kwa trekta, na Roslyn anasema maneno ya kwanza aliyoambiwa na mume wake yalikuwa, "Dada, ungeweza kurudi nyuma kidogo ukavuka tena?" na yeye akamjibu, "Kaka, ungeweza kuiweka hiyo chini ukambeba huyu?" naye akaiweka chini akambeba. Mungu aliwajalia watoto wawili, Maren, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1988, na Tobias, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1991, na wajukuu watatu. Waliishi Footscray miaka thelathini na saba kwa amani, na kwa kuwa mpira siku hizi unachezwa hata Jumapili, Alwyn alikuwa akienda ibada ya saa mbili asubuhi akiwa tayari amevaa viatu vya kazi, akikaa karibu na mlango.

Wengi mmeuliza kazi yake hasa ilikuwa ipi, kwani jina lake halikuonekana popote na sauti yake haikusikika. Mnajua kwamba goli likishaingia, mpira hurudishwa katikati ya uwanja, na hapo katikati hupita muda wa kupumua, ambao televisheni ya bure huutumia kuuza sabuni na magari, lakini ile ya kulipia iliwaahidi wateja wake kwamba haitakatiza kwa biashara yoyote tangu king'ora cha kwanza mpaka cha mwisho wa kila robo ya mchezo. Kwa hiyo muda ule ulibaki mtupu, na ilibidi ujazwe, na Alwyn ndiye aliyekuwa akiujaza, kwa kamera iliyoitwa namba tano, ambayo haikufuata mpira kabisa, bali ilitafuta nyuso za watu. Bi Nerida Quill, mwongozaji wake wa miaka yote, ambaye yuko nasi, anasema kwamba akiwa ndani ya gari la matangazo, goli likiingia, alikuwa anasema maneno matatu tu kwenye hedifoni, "Alwyn, nipe mtu," na kabla hajameza mate mtu alikuwa keshapatikana.

Alikuwa na namna yake. Alifika uwanjani saa mbili kabla ya wengine, akazunguka fensi nzima akiwa na mkate wake mkononi, akiangalia nani ameketi wapi, na hakuwatafuta waliojipaka rangi wala wanaorukaruka, kwa maana alimwambia Tobias, "Mwenye kelele anajionyesha mwenyewe, hanihitaji mimi." Aliwatafuta waliokuja peke yao, wajane wenye kiti kilekile kila mwaka, baba aliyemleta mtoto kwa mara ya kwanza, mtawa mmoja wa Kikatoliki aliyekuwa akiuma leso, na watu hao walipotokea kwenye skrini hawakujua, kwa kuwa kamera ilikuwa mbali, upande wa pili wa uwanja.

Bwana Colin Prouse, jirani yetu, ametupa ruhusa tumtaje. Mwezi wa Juni 2007, wakati wa kupanda, alimwambia mkewe Glenys kwamba anakwenda Horsham kufuata kipuri cha trekta, naye Glenys, kwa kuwa mume hayupo, akaenda kunywa kahawa baa, mahali palipo na ile televisheni ya kulipia, na huko uwanjani Melbourne goli la tatu lilipoingia Alwyn akatafuta mtu, akampata mkulima mmoja mnene ameketi kwa utulivu mkubwa, amefumba macho, anauma pai ya nyama. Alwyn hakumtambua kwa sababu ya kofia. Glenys alimtambua kwa namna anavyouma. Colin aliporudi jioni aliulizwa swali moja tu, "Hicho kipuri kimekuja na sosi ya nyanya?" na mpaka leo akitaka kwenda Horsham huonyesha kwanza karatasi ya duka.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huohuo 2002 alipoanza kazi ile, baa yetu ilipandisha dishi juu ya paa, na Jumamosi mchana, saa ileile ambayo Kurrabin ilikuwa inacheza, watu waliweza kukaa penye joto na kutazama timu kubwa. Magari sitini kwenye fensi yakawa arobaini, kisha thelathini, na msimu wa 2003 Mzee Hedley alihesabu kumi na tisa. Vijana nao wakapungua, kwa kuwa ukame ulikuwa umewapeleka mijini, na ni haki kusema kwamba dishi halikuleta ukame, lakini mtu mwenye uchungu humkamata aliye karibu. Siku ya Pasaka mwaka 2003, kwenye meza ya mama Ivy, Mzee Hedley alimwambia mwanawe, "Nilikuwa na magari sitini kwenye fensi, leo nina kumi na tisa, na wenye yale mengine wako baa wanakutazama wewe." Alwyn akajibu, "Baba, hawanitazami mimi, wanatazama mpira." Mzee akasema, "Mpira uko hapa, hatua mia tatu kutoka baa," na mama Ivy akaomba wapitishe viazi.

Mwaka 2005 iliamuliwa kwamba klabu ya Kurrabin iungane na ya Dallop, na uwanja wetu ufungwe. Mechi ya mwisho ilipangwa Jumamosi tarehe 20 Agosti 2005, ikiwa pia siku ya mwisho ya Mzee Hedley kuvaa koti jeupe, baada ya miaka thelathini na minane, na Alwyn aliona huo ndio mlango wa kurudia kwa baba yake. Aliomba likizo, akaazima kamera nzuri kazini, akaendesha gari usiku kucha, na asubuhi akamwambia mama yake, "Leo nampiga picha mzee, na bendera zake, hata wajukuu wa wajukuu watamwona." Alisimama nyuma ya nguzo za kaskazini, hatua tatu kutoka mgongoni kwa baba yake, robo zote nne, akisubiri goli zuri, kwa sababu Kurrabin ilikuwa inafungwa vibaya na mipira mingi ilikuwa inapita pembeni kwa pointi moja, yaani bendera moja tu.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, kijana wa Kurrabin alipiga mpira kutoka mbali, ukapita katikati kabisa, juu, bila kuguswa na mkono wa mtu. Mzee Hedley alisimama wima, akanyoosha vidole viwili mbele ya kifua, akachukua bendera zote mbili, akazipunga mara ya mwisho katika maisha yake, taratibu, kama mtu anayetandika kitambaa cha meza ya Bwana. Honi zote zililia. Na Alwyn, aliposikia honi, bila mtu yeyote kumwambia lolote masikioni, aligeuza kamera kutafuta nyuso ndani ya magari, kwa kuwa ndivyo mikono yake ilivyokuwa imezoea kwa misimu minne, goli likiingia, geuka, tafuta mtu. Aliporudi, bendera zilikuwa zimeshachomekwa mahali pake, na baba yake alikuwa amegeuka anamwangalia.

Familia ilikuwa karibu, maneno yalisikika. Mzee Hedley alisema, "Miaka thelathini na minane, Alwyn, na umenipa kisogo." Alwyn akasema, "Mkono ulikwenda wenyewe, baba." Mzee akasema, "Basi kazi ya mkono huo sitaitazama, hata picha moja, mpaka nizikwe," kisha akarudi mahali pake kati ya nguzo, kwa sababu mchezo ulikuwa haujaisha.

Mnamjua Mzee Hedley, ndiyo yake ni ndiyo. Hakumfukuza mwanawe, tusieleweke vibaya, kila Krismasi walikula pamoja, aliombea chakula, aliwauliza wajukuu habari za shule, aliuliza hata bei ya nyumba za Footscray, lakini kuhusu kazi hakuuliza neno, na televisheni ikiwashwa nyumbani kwa Lorna alisimama na kwenda kuangalia kondoo, hata siku ambazo kondoo hawakuwa na shida yoyote. Alwyn naye hakulalamika. Mama Ivy alipokuwa mgonjwa alimwambia, "Mwambie baba yako, 'Nisamehe,' basi yaishe," naye akajibu, "Mama, nimemwambia mara tatu, ananijibu kwamba ameshasamehe, ila neno lake ameshalitoa, halirudi." Kila Jumamosi, goli likiingia, watu laki kadhaa wa nchi hii waliona alichokiona Alwyn, na yule ambaye Alwyn alitamani aone alikuwa nje akitazama kondoo.

Ugonjwa ulianza Septemba 2022. Aliona ukingo wa picha umeingia giza, akadhani ni lenzi, akamwomba mwenzake Tasos Mavridis wabadilishane lenzi, kisha kamera, na Tasos anasema walibadilishana vitu vyote mpaka Alwyn alipofumba jicho moja baada ya lingine na kuiweka kamera chini. Tarehe 17 Oktoba madaktari wa Melbourne waliona uvimbe nyuma ya macho, wakampasua tarehe 3 Novemba, wakautoa sehemu tu. Machi 2023 yeye na Roslyn walirudi Kurrabin, kwenye nyumba ya karibu na maghala ya ngano, na macho yakaendelea kufifia taratibu, mpaka Februari mwaka huu akawa anatofautisha mwanga na giza basi. Hakumhoji Mungu mbele yetu. Alisema ameona vingi kuliko wengi.

Lakini aliomba king'amuzi kifungwe sebuleni. Wengi tulidhani redio ingemfaa zaidi, kwa sababu mtangazaji wa redio husema kila kitu, ila yeye alikataa, alitaka kusikia wenzake wanafanya nini, na kumbe hapo ndipo palipokuwa na shida, kwani mtangazaji wa televisheni goli likishaingia hunyamaza, huiacha picha iseme, na kwa mtu asiyeona ule ndio muda mtupu kuliko wote.

Kuanzia Jumamosi tarehe 6 Aprili, kwa kuwa Roslyn alikuwa akienda Dimboola kumwangalia mama yake, Lorna alimleta Mzee Hedley akae na mgonjwa mchana. Mzee alichukua kiti akakigeuzia dirishani, akafungua gazeti. Goli liliingia, mtangazaji akanyamaza, na Alwyn akauliza kutoka kwenye kochi, "Baba, wanaonyesha nini?"

"Sijui. Natazama nje."

"Nje kuna nini?"

"Mvua."

"Mvua naisikia, baba."

Ikawa hivyo wiki mbili. Katikati ya wiki ya pili Mzee Hedley alimwendea Mchungaji Ilse, akiwa na miaka tisini na mmoja na kofia mkononi, akamuuliza kama neno lililotamkwa kwa hasira mbele ya watu ni nadhiri, na kama mzee anaweza kulivunja bila kumchezea Mungu. Mchungaji ameturuhusu kurudia alichomjibu. Alisema, "Mzee wangu, uliapa kutotazama picha za Alwyn. Hizi za sasa ni za wenzake. Alwyn amelala kwenye kochi." Mzee Hedley akalia, na Mchungaji akadhani amemfurahisha, kumbe mzee alikuwa ameelewa kwamba za Alwyn hazitapigwa tena, na kwamba yeye hakuwahi kuziona.

Jumamosi ya tarehe 20 Aprili kiti kiligeuzwa. Goli la kwanza lilipoingia mzee alitangaza kama alivyozoea, "Goli. Katikati ya nguzo, halikuguswa."

Alwyn akasema, "Hilo mtangazaji keshalisema. Nipe mtu, baba."

"Mtu gani?"

"Yeyote anayeonyeshwa."

"Mwanamke. Ana skafu. Anakula."

"Anakula vipi?"

"Kwa mdomo, Alwyn."

Lakini alijifunza. Lorna alikuwa akiingia na supu na kuwakuta wamesogeleana, mzee ameinamia skrini, mikono magotini, na kufikia Juni alikuwa anasema mambo kama, "Mtoto wa kike, miaka tisa hivi, jino la mbele hana, amemshika babu yake sikio, na babu amejifanya hajui," na Alwyn anasema, "Hiyo ni kamera ya Tasos, huyo hawezi kumpita mtoto," kisha anauliza, "Babu ana furaha?" na mzee anatazama tena kabla ya kujibu. Akikosea rangi ya skafu Alwyn alimtania, "Mwamuzi, unahitaji miwani," maneno ambayo mzee ameyasikia kwenye fensi miaka thelathini na minane, na akajibu jibu lake la siku zote, "Njoo uvae koti wewe."

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024 hali ya Alwyn ilikuwa imeshuka, alikuwa haongei sana. Katika robo ya tatu goli liliingia, picha ikamwendea mzee mmoja kwenye viti vya juu, na Mzee Hedley akaanza kumweleza, kwamba yuko peke yake, koti lake amelilaza kwenye kiti cha pembeni na kulikunja vizuri kama anamtunzia mtu nafasi, kwamba hakushangilia, aligusa tu lile koti, na kwamba nywele amechana kwa maji kama mtu anayekwenda ibadani. Alieleza polepole, sauti yake ikimfunika mtangazaji, na hakuona kwamba mpira umeshaanza tena. Uwanja ukanguruma. Alwyn akauliza, "Baba, hilo lilikuwa goli, au pointi moja?"

Mzee Hedley alitazama skrini, akatazama chini, akasema, "Sikuona. Nilikuwa bado kwa yule mzee."

Lorna alikuwa mlangoni na bakuli. Alwyn alicheka, kicheko cha mgonjwa, kisicho na nguvu, lakini kirefu, akapapasa hewani mpaka akaushika mkono wa baba yake. Mzee alisema, "Alwyn, siku ile uwanjani, nilikuonea." Alwyn akasema, "Ulikuwa umeumia, baba." Mzee akasema, "Nilikuumiza wewe. Nisamehe." Alwyn akasema, "Nimekusamehe. Haya, sasa wanaonyesha nini?" na mzee akapangusa miwani kwa shati, akaendelea.

Tarehe 14 Agosti Mchungaji alimletea meza ya Bwana kitandani. Jumatatu tarehe 19 Agosti 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nyumbani kwake, Roslyn akiwa amemshika mkono wa kulia, watoto wote wawili wakiwepo, na baba yake akiwa anasoma zaburi ya mchungaji mwema, Alwyn Trevaskis aliitwa na Bwana, akiwa na miaka sitini na mitatu, miezi miwili na siku tano. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na baba. Si desturi mzazi kumzika mtoto, na hatuna maneno ya jambo hilo, tumemwachia Mungu, kazi yake haina makosa.

Familia inawashukuru madaktari wa Melbourne waliosema ukweli mapema, madaktari na wauguzi wa Horsham, na Sista Philippa aliyekuja nyumbani kila Jumanne na Ijumaa hata barabara zilipojaa maji. Inawashukuru majirani wote wa Kurrabin, kwa namna ya pekee Colin na Glenys Prouse, waliopasua kuni za majira yote ya baridi na kuleta nyama ya kondoo ya kuoka kila Jumapili. Inawashukuru wenzake wa kazini, Bi Nerida, Bwana Tasos, na vijana wavuta nyaya, ambao mtambeba leo pamoja na Tobias, na familia inaomba mtembee taratibu, njia ya makaburini ina mawe.

Kuna tangazo moja ambalo Roslyn ameomba lisomwe kabla hatujasimama. King'amuzi kilichokuwa sebuleni kwa marehemu hakitarudishwa, kimehamishiwa jana nyumbani kwa Mzee Hedley, kwa ombi lake mwenyewe, na Tasos amekifunga na kumwonyesha kitufe cha kuwashia. Mzee anasema Jumamosi ijayo atatazama, na zote zitakazofuata mpaka msimu uishe, na kwamba atakuwa anasema kwa sauti anachokiona, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Kwa hiyo majirani wa barabara ya kanisa mkimsikia akiongea peke yake mchana, msidhani amechanganyikiwa, wala msikimbilie kumwita daktari. Mwenye nafasi aingie, akae, asikilize.

Alwyn, mwana wa Hedley na Ivy, kazi yako umeimaliza, Bwana akupe pumziko lake na amani yake.